Kadi ya grafiki ya mtumba ikisumbua, uliza kwanza inasumbua lini

Mtu akiniambia kadi yake ya grafiki aliyoinunua ikiwa imeshatumika "imekufa", jambo la kwanza ninalotaka kujua ni saa ya kifo. Ilizima kabla nembo ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) haijatokea? Ilizima Windows ilipokuwa inamalizia kuwaka? Ilizima papo hapo gemu lilipofunguka, au dakika ishirini baadaye? Skrini nyeusi zote zinafanana kwa macho, ila nyeusi ya sekunde ya kwanza na nyeusi ya dakika ya ishirini hazina baba mmoja.

Nililijua hili kwa hasara. Kadi yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa ikizima skrini kila gemu zito lilipoanza. Nikaamini ni joto. Nikakata stika iliyofunika skrubu, nikabadilisha pesti na pedi za kupitisha joto, nikaisafisha mpaka ikang'aa, na tatizo likabaki palepale. Kumbe chanzo kilikuwa kebo moja ya umeme iliyogawanyika vichwa viwili. Laiti ningejiuliza kwa nini inazima mara tu mzigo unapopanda, hata kabla haijapata moto, nisingeifungua. Na kwa kuwa stika ilikuwa imekatwa, muuzaji alikataa kuipokea, na alikuwa na haki.

Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kufuata muda, kuanzia unapobonyeza swichi.

Kabla hujaituhumu kadi

Hakikisha kwanza kwamba kompyuta ni nzima bila kadi hiyo. Kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, iwashe bila kadi na uitumie kwa muda. Kama haina, weka kadi nyingine yoyote unayoiamini, hata iwe dhaifu. Kompyuta inayoganda yenyewe bila kadi ya mtumba kuwemo haiwezi kukupa ushahidi dhidi ya kadi hiyo.

Piga picha za kadi pande zote mbili, na namba yake ya utambulisho ionekane vizuri. Kisha iangalie kwa tochi. Nyuma ya kadi, karibu na meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti, kuna mstari wa kapasita ndogo mno, kama punje za mchanga. Kadi iliyosafirishwa ovyo hupoteza moja au mbili, na kila inayong'oka inaweza kukata njia moja ya data. Angalia pia kama ubao umebadilika rangi mahali fulani, kama tundu la umeme lina plastiki iliyolainika au kuwa kahawia, na kama kuna utando unaonata kuzunguka chipu. Utando huo ni masalia ya dawa ya kulehemu, na maana yake kadi ilishapita kwa fundi, au kwa mtu aliyejiita fundi.

Meno ya dhahabu yafute kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Wapo wanaotumia kifutio cha penseli. Mimi nimeacha, kwa sababu kinakwangua dhahabu yenyewe, nayo ni nyembamba sana. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa kadi, toa waya wa umeme ukutani na ubonyeze swichi ya kompyuta mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Na kila mara badilisha kitu kimoja tu, kisha ujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaondoka, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Giza tangu mwanzo, hata nembo haitokei

Tazama kwanza kebo ya monita imechomekwa wapi. Ikiwa iko kwenye tundu la madabodi, irudishe kwenye kadi. Ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Kisha jaribu tundu jingine la kadi na kebo nyingine, maana kadi nyingi huwa na HDMI moja na DisplayPort kadhaa, na tundu moja linaweza kufa mengine yakabaki hai.

Baada ya hapo nenda kwenye umeme. Sloti yenyewe inaruhusiwa kutoa wati 75. Tundu la pini 6 linaongeza wati 75, na la pini 8 linaongeza 150. Kadi yenye tundu la pini 8 lililoachwa wazi haitatoa picha, au itawaka na kuonyesha maandishi ya kudai umeme. Angalia sana usichanganye kebo ya pini 8 ya kadi na ile ya prosesa. Zinafanana, lakini ya kadi kwa kawaida hugawanyika 6 na 2, na ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Kichwa kikikataa kuingia, usikilazimishe.

Hapa pana hatari moja ambayo lazima niiseme kwa nguvu. Kebo zinazochomoka kwenye pawasaplai, yaani kisanduku cha umeme cha kompyuta, hazina mpangilio mmoja wa nyaya. Kichwa cha upande wa pawasaplai kinaweza kuingia vizuri kabisa, huku volti 12 ikienda mahali pa ardhi. Kampuni mbili tofauti hutofautiana, na hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kutofautiana. Kwa hiyo muuzaji akikupa kadi pamoja na kebo zake "kwa hisani", ziweke pembeni. Tumia zilizokuja na pawasaplai yako tu.

Umeme ukiwa sawa na giza bado lipo, fikiria umri. Kadi za zamani, kwa makadirio zile za kabla ya 2012, nyingi hazina programu ya UEFI, njia mpya ya kuwasha, ndani ya BIOS yao, yaani programu iliyohifadhiwa kwenye kadi yenyewe. Madabodi mpya iliyozimwa kipengele cha CSM, kinachoruhusu njia ya zamani ya kuwasha, haitaitambua kadi hiyo wakati wa kuwaka, na itakupa milio ya kulalamika au kimya. Washa kompyuta kwa grafiki nyingine, ingia kwenye mipangilio ya BIOS ya madabodi, washa CSM, kisha urudishe kadi. Ujue tu kwamba CSM na Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu wakati wa kuwaka) havikai nyumba moja, kwa hiyo ikiwa unahitaji Secure Boot, kadi hiyo si ya kompyuta yako.

Kadi fulani pia zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua kati ya BIOS mbili. Zima kompyuta, isogeze upande wa pili, washa tena. Nimeona kadi "zilizokufa" zikifufuka kwa hilo peke yake, kwa sababu mwenye kadi wa kwanza aliharibu BIOS moja na kusahau kuwa kuna ya pili.

Zaidi ya hapo unahitaji multimita. Kadi ikiwa mezani, nje ya kompyuta, weka mita kwenye ohmu. Waya mweusi uguse chuma cha tundu la skrubu, mwekundu uguse pini ya volti 12 kwenye tundu la umeme. Kwenye pawasaplai zenye kebo za rangi, hizo ndizo pini zinazopokea nyaya za njano. Mamia au maelfu ya ohmu ni dalili njema. Karibu na sifuri ni shoti, mara nyingi transista ya umeme iliyopasuka, na kadi hiyo usiirudishe kwenye kompyuta. Ila usipime koili kubwa zilizo jirani na chipu ukashtuka. Chipu kubwa husoma chini ya ohmu moja ikiwa nzima kabisa. Kuna kadi nzuri zimetupwa kwa kipimo hicho.

Picha ipo, mpaka draiva inapoingia

Kabla draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi kikamilifu, haijawekwa, Windows huitumia kadi kwa njia ya kawaida mno: picha bapa, chipu ikiwa karibu imelala. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kadi inayofika kwenye ukurasa wa Windows, amekuonyesha kwamba tundu la picha linafanya kazi na sehemu ndogo ya memori ni nzima. Hajakuonyesha kitu kingine.

Draiva ikiingia ndipo kadi inaamshwa kweli. Ikiwa wakati huo skrini inazima, au Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows) inaonyesha pembetatu ya njano na kosa namba 43, maana yake kifaa chenyewe kimeripoti kuwa kina shida na Windows imekisimamisha. Ujumbe huo hausemi chanzo. Ninapita vyanzo vinne kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni masalia ya draiva ya zamani, hasa ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Toa kebo ya intaneti ili Windows isijipakulie draiva yake, washa kwa hali salama (Safe Mode), fagia kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha weka draiva uliyopakua mwenyewe kutoka kwa mtengenezaji wa chipu.

Cha pili ni draiva mpya kuliko kadi. Chipu za kizazi cha Fermi za NVIDIA ziliishia kwenye draiva 391.35 ya mwaka 2018. Kizazi cha Kepler, yaani sehemu kubwa ya GTX 600 na 700, iliishia tawi la 470. Vizazi vya Maxwell na Pascal, ambamo zimo GTX 900 na GTX 1000 zinazouzwa sana mitumbani, tawi lao la mwisho ni 580. Kwa AMD, kadi za R9 200 na 300 zilitolewa kwenye draiva kuu mwezi Juni 2021. Ukiweka toleo la juu ya hapo, kadi itaonekana mbovu wakati haina kosa.

Cha tatu ni BIOS iliyochezewa. Kadi nyingi, hasa RX 470, 480, 570 na 580, zilitumika kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka mtandao huo ulipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Wachimbaji waliandika upya muda wa memori (nyakati za kusoma na kuandika data) ndani ya BIOS ili wavune zaidi, na draiva za AMD hukagua sahihi ya BIOS, hivyo iliyobadilishwa inaweza kukataliwa. Tiba ni kurudisha BIOS ya kiwandani. Hifadhi kwanza nakala ya iliyopo kwa kutumia GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kisha tafuta inayolingana na kadi yako kwa jina kamili, ukubwa wa memori, na hata kampuni iliyotengeneza memori, iwe Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Muda uliopangwa kwa chipu za Samsung unaweza kuzigandisha za Elpida. Na kabla ya kuandika chochote, uwe na grafiki ya pili ya kukuokoa.

Cha nne kinauma: kadi bandia. Mtindo ulioenea ni kuchukua chipu ya zamani ya Fermi, kama GF116, na kuipaka BIOS inayojitangaza GTX 1050 Ti yenye memori GB 4. Kwa macho, tazama matundu. Chipu za Pascal haziwezi kutoa picha ya analogi, kwa hiyo tundu la VGA kwenye kadi inayoitwa GTX 1050 Ti ni ishara kubwa ya udanganyifu. Kwa programu, GPU-Z tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya NVIDIA iliyobadilishwa. Hakuna dawa hapa. Rudisha, ukiwa na picha ya ukurasa huo wa GPU-Z mkononi.

Vyote vinne vikiwa safi na kosa 43 likabaki, shida iko kwenye memori au chipu.

Mistari, madoadoa na miraba ya rangi

Hii ndiyo dalili inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo inayotafsiriwa vibaya kuliko zote.

Fanya jaribio dogo kwanza. Madoa yakiwa kwenye skrini, chukua picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, si kwa simu, kisha ifungue kwenye kifaa kingine. Kama madoa yamo ndani ya picha, yametengenezwa ndani ya kadi kabla ya kutoka. Kama picha ni safi, kuna uwezekano mkubwa shida iko njiani: kebo, adapta, tundu, au monita yenyewe. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na limeokoa kadi nyingi zilizokuwa zinasubiri kufunguliwa.

Madoa yakiwa ndani ya picha, rudi kwenye swali la lini. Kama yapo hata kwenye nembo ya madabodi na kwenye ukurasa wa BIOS, draiva na Windows hazihusiki, maana bado hazijafika. Hapo ni memori, chipu, au lehemu iliyo chini yake. Kama yanakuja ndani ya gemu moja tu na kwingine kote ni safi, tuhumu gemu au draiva kwanza. Kama yanakuja kadi ikipata moto na kupotea ikipoa, soma sehemu ya joto kabla ya kukata tamaa.

Kwa memori ninatumia programu ya memtest_vulkan, na OCCT nayo ina kipimo chake. Kiache walau nusu saa, kwa sababu memori dhaifu mara nyingi hupita dakika tano za mwanzo ikiwa bado baridi. Kosa moja tu linatosha. Memori ya kadi iliyo nzima haitoi makosa hata kidogo katika kasi yake ya kiwandani. Likitokea, fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi na nguvu ya kadi, punguza kasi ya memori kwa MHz 300, rudia kipimo. Makosa yakiisha, una memori iliyochoka au isiyopozwa vizuri, na unaweza kuishi na kadi hiyo kwa kasi ndogo huku ukijua siku zake zinahesabika. Makosa yakibaki palepale hata kwa kasi ya chini, kuna chipu ya memori iliyokufa au iliyoachia lehemu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa moto na chipu za akiba.

Kadi ndefu na nzito zina ugonjwa wao. Zikikaa miaka zikining'inia kwenye sloti bila kutegemezwa, ubao hujikunja, na mkunjo huo huvuta lehemu, hasa za memori zilizo karibu na sloti. Dalili yake ni madoa yanayobadilika ukiinua kidogo mwisho wa kadi kwa kidole. Ikiwa hivyo, weka tegemeo, ila usidhani umeponya ufa uliokwisha kuwepo.

Na sasa ile tiba ya oveni. Inazunguka tangu zamani: vua kipoza joto, ioke kadi dakika kadhaa, itafufuka. Naomba usifanye. Lehemu ya kawaida isiyo na madini ya risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, huanza kuyeyuka karibu nyuzi 217, na watu huweka oveni chini ya hapo. Kinachotokea ni kwamba joto hutanua vitu, na muungano ulioachia hugusana tena kwa siku au wiki chache. Udhaifu mara nyingi uko ndani ya chipu kabisa, kati ya jiwe la silikoni lenyewe na kibao kinacholibeba. Mwaka 2008 NVIDIA yenyewe ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa aina hiyo. Moshi wa kadi iliyookwa haufai kuingia kwenye chombo cha chakula. Na kibaya zaidi kwa mnunuzi wa mtumba, kadi iliyookwa jana hufanya kazi vizuri leo mbele yako. Stika zilizojikunja, plastiki ya matundu iliyolegea, na kapasita zilizovimba ni ushahidi.

Inazima mara tu mzigo unapopanda

Hapa tofautisha mambo mawili. Kompyuta nzima ikikatika na kujiwasha upya, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai, kinga yake imejifyatua. Skrini ikizima peke yake, feni za kadi zikipiga kelele kwa kasi yote, na bado unasikia sauti ya gemu, basi kompyuta iko hai na kadi ndiyo iliyopotea. Kwenye Linux utakuta kosa Xid 79 la NVIDIA, linalosema kadi imedondoka kwenye njia ya data. Kwenye Windows, tukio namba 4101 linasema draiva iliacha kujibu ikarudi. Windows huisubiri kadi sekunde mbili tu kabla ya kuiwasha upya.

Dalili zote mbili zinaweza kutoka kwenye umeme. Jaribio langu ni kushusha kikomo cha nguvu kwenye Afterburner hadi asilimia 70 na kurudia gemu lilelile. Tatizo likiondoka, angalia kebo: kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe kebo mbili kutoka kwenye pawasaplai, si moja yenye vichwa viwili, kwa sababu hiyo moja inabebeshwa wati 300. Angalia pia pawasaplai kwa umri, si kwa wati zilizoandikwa tu. Kadi kama RTX 3080 na 3090, za wati 320 na 350, huvuta vilele vya milisekunde vinavyopita sana kiwango hicho, na pawasaplai iliyochoka huvisoma kama shoti.

Tundu jipya la pini 16 linahitaji kuingia mpaka mwisho, bila mwanya. Ukikuta pini zake zimeungua hata kidogo, usichomeke.

Dakika kumi, dakika ishirini

Tatizo lenye subira ni joto. Fungua HWiNFO (programu ya kusoma joto), endesha gemu au FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mzito), na uangalie namba tatu: joto la chipu, joto la sehemu yenye moto zaidi ya chipu, na joto la memori kama kadi yako inaionyesha. Joto la wastani la chipu peke yake linadanganya. Nimeshaona kadi yenye nyuzi 72, tulivu kabisa, huku sehemu ya moto zaidi ikiwa 105. Kwa kawaida tofauti ya namba hizo mbili huwa nyuzi 10 hadi 20. Ikipita 25, kipoza joto hakijakaa sawa juu ya chipu, au pesti imekauka na kusukumwa pembeni.

Kwa memori za aina ya GDDR6X za RTX 3080 na 3090, namba ya kuogopa ni 110, ambapo kadi hupunguza kasi kujiokoa. RTX 3090 ina nusu ya memori zake mgongoni, mahali ambapo feni hazifiki, kwa hiyo pedi zilizochoka huko huonekana haraka.

Ukiamua kuifungua, na kama muda wa kurudisha umepita, zingatia unene wa pedi kuliko ubora wake. Pedi nene kuliko ya kiwandani hukiinua kipoza joto, memori zikapoa na chipu ikaungua. Pima ile ya zamani mahali ambapo haikubanwa, au tafuta vipimo vya kadi yako hasa. Skrubu nne za chipu zikazwe kwa mshazari, kidogokidogo. Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole zisizunguke.

Feni zisizozunguka kadi ikiwa imepumzika si ubovu. Kadi nyingi huziwasha joto likifika nyuzi 50 hadi 60. Ubovu ni feni moja ikizunguka na jirani yake ikigoma wakati wa mzigo. Hiyo ni ya kubadilisha tu, haina siri.

Inafanya kazi, ila polepole

Linganisha jina na chipu. GTX 1060 ya GB 3 si ile ya GB 6 iliyopunguzwa memori tu. Ina kori (vitengo vya kukokotoa) 1152 badala ya 1280. RX 580 yenye alama 2048SP ina kori 2048 badala ya 2304. GT 1030 ya DDR4 husafirisha data GB 16.8 kwa sekunde, ya GDDR5 hufika 48, na zote mbili zinaitwa jina moja. GTX 970 ina GB 3.5 za haraka na 0.5 za pole, ndivyo ilivyozaliwa.

Kisha angalia kwenye GPU-Z upana wa njia ya data kati ya kadi na madabodi. Kadi ikiwa imepumzika itaonyesha toleo la 1.1 la njia hiyo, nalo ni la kuokoa umeme. Ipe mzigo ndipo usome. Kadi ya x16 (yaani ya njia 16) inayobaki x8 au x4 chini ya mzigo inaweza kuwa kwenye sloti isiyo sahihi, ina uchafu kwenye meno, au imepoteza zile kapasita za punje za mchanga. Lakini RX 6600 na RTX 4060 zimeundwa x8, na RX 6500 XT x4, kwa hiyo usizitafutie ugonjwa.

Mlio mwembamba wa koili unaopanda na kushuka na picha hauui kadi. Ukikukera, weka kikomo cha fremu.

Siku ya kwanza

Kama una siku chache tu za kurudisha, usizitumie kucheza. Siku hiyohiyo fungua GPU-Z uthibitishe jina na upana wa njia, pima memori nusu saa, kisha ipe mzigo mzito nusu saa nyingine huku HWiNFO ikiandika kumbukumbu kwenye faili. Mwisho zima kompyuta, iache ipoe kabisa, na uiwashe tena, kwa sababu zipo lehemu zinazoachia wakati wa kupoa tu. Hilo jaribio la baridi ndilo linalorukwa zaidi.

Ikibidi kuipeleka kwa fundi au kwa muuzaji, usiandike "haifanyi kazi". Andika: inaonyesha nembo, inaingia Windows, inazima dakika ya kumi na nane ya mzigo, sehemu ya moto zaidi ilikuwa 106, kushusha nguvu hadi asilimia 70 kulisogeza hadi dakika ya thelathini. Mwenye kuipokea atafungua skrubu za kipoza joto kabla ya kuwasha mashine ya hewa moto.